Tangazo la mnada limebandikwa mlangoni kwa mama, Mikanjuni. Wakili wa kweli wa mambo ya rehani nampata wapi hapa Tanga?

#1 FundiFriji_Mikanjuni (mleta uzi), Jumatano, saa 3:40 usiku

Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja maana usingizi sina.

Leo alasiri vijana wawili wamefika kwa pikipiki nyumbani kwa mama, Mikanjuni. Wamebandika karatasi moja mlangoni na nyingine kwenye nguzo ya umeme, wakapiga picha, wakaondoka. Mnada wa hadhara, nyumba na kiwanja, Jumamosi tarehe 17. Karatasi yenyewe imeandikwa tarehe 3. Leo ni tarehe 7.

Baba ana wake wawili. Mama yangu ndiye mkubwa, yuko hapo Mikanjuni tangu nyumba ikiwa ya udongo na makuti. Mama mdogo yuko Pongwe. Hati ina jina la baba peke yake. Baba alichukua mkopo wa milioni 30 benki akanunua lori la kubebea machungwa ya Muheza. Lori likafa injini msimu wa pili. Rehani aliyoweka ni nyumba ya Mikanjuni, na aliyesaini ridhaa ya mke ni mama mdogo. Mama yangu hakusaini kitu, hakuulizwa na mtu, amelijua deni leo kwenye karatasi ya mlangoni. Linasomeka milioni 41 na ushee. Barua zote za benki zilikwenda Pongwe, baba akawa anaziweka kabatini.

Sijawahi kutafuta wakili maishani mwangu. Nampata wapi? Wa Tanga au wa Dar? Bei zao zikoje? Nitajuaje kama ni wakili kweli? Naomba anayejua anielekeze, na anayetaka kumlaumu baba aniachie hilo tulibebe nyumbani.

#2 Baharia_Bandarini

Pole sana mwanangu. Kesho asubuhi mpeleke mama Baraza la Kata, afungue shauri la ardhi. Pale halihitajiki wakili wala hela nyingi. Wazee wa baraza wanaijua nyumba hiyo ni ya nani.

#3 Mgosi_wa_Muheza

Mimi nitasema tofauti. Usianze na wakili, anza na benki. Mwaka juzi shamba langu la michungwa lilifika hapo hapo. Nilikwenda kwa meneja na milioni 3 mkononi, nikaandika barua ya kuomba kupangiwa upya marejesho, mnada ukasimama wiki hiyo hiyo. Ukimtanguliza wakili, benki nayo inaleta wake, na gharama za kesi zinapandishwa juu ya deni lako. Riba haiogopi joho.

#4 BiNuru_Ngamiani

Fundi, pole mwanangu. Mimi nakujibu lile la kujua wakili wa kweli, maana niliumia nalo.

Miaka kadhaa nyuma tuligombea nyumba ya marehemu mume wangu, Barabara ya 11. Nikaelekezwa kwa bwana mmoja anaweka kambi kwenye mgahawa, ana mkoba, suti, na mihuri miwili. Akachukua laki nne, akaniandikia madai. Siku ya kusikilizwa hakutokea. Nilipoulizwa nani kaandaa hizi karatasi, nikataja jina, likatafutwa kwenye orodha ya mawakili, halimo. Karatasi zikaondolewa, nikaanza upya. Laki nne ile nilikuwa nimeuza bangili za harusi.

Kwa hiyo sikiliza. Mahakama ina mfumo wake mtandaoni unaitwa e-Wakili. Unaandika jina, unaona kama mtu yumo kwenye orodha na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Leseni ya wakili huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo hata aliyekuwa wakili wa kweli mwaka jana anaweza leo asiwe na ruhusa ya kusimama. Mwombe jina lake kamili na namba yake ya uwakili kabla hujatoa hata shilingi. Wa kweli hakasiriki. Yule wangu alikasirika, na mimi nikamwomba radhi!

#5 Dereva_wa_Kange

Bi Nuru shikamoo. Vishoka hao hawajaisha. Hata stendi huku ukishuka tu na bahasha ya kaki mkononi unaulizwa "kesi ya ardhi?"

#6 JohoJeusi

Fundi, mimi ni wakili, nafanya kazi mkoa huu. Kanuni zetu zinakataza kuwinda wateja, kwa hiyo usinitafute kwenye kisanduku. Nasema haya ili ukifika kwa yeyote ujue unauliza nini.

Kwanza, #2 Baharia, mzee wangu, hilo lilikuwa sahihi zamani. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua kesi ya ardhi. Linasuluhisha tu. Na kuna kigingi hapo: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri linalogusa umiliki mpaka kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Fundi ana siku 10. Swali la kwanza kwa wakili wako liwe hili: "Utafungua wapi, na hizo siku 30 utazishughulikiaje?" Akibabaika hapo, aga kwa adabu.

Pili, na hili ndilo zito. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali tu ikiwa imeridhiwa na mwenye kuweka rehani pamoja na mke "au wake" wanaoishi kwenye nyumba hiyo. Sheria imetaja wake kwa wingi, na imetaja wanaoishi humo. Mama mdogo wa Pongwe kuridhia nyumba asiyoishi ni jambo la kuhojiwa.

Tatu, wakili huyo awe wa mama. Asiwe wa familia. Maslahi ya mama na ya baba hapa yamegongana. Mama atasema sikuridhia, na maana ya maneno hayo ni kwamba baba aliificha benki ukweli. Wakili mmoja hawezi kuwabeba wote wawili. Akikwambia anaweza, hajasoma faili.

#7 FundiFriji_Mikanjuni

#6 Ahsante wakili. Hilo la tatu limenichoma. Mama ameshasema hataki kusikia "kumshitaki baba yenu". Kesho anampikia, ni zamu yake.

#8 AfisaMikopo_Mstaafu

Nimekaa dawati la mikopo miaka mingi, siyo benki hiyo. Nieleze upande wa pili maana hapa mtampa kijana matumaini ya bure.

JohoJeusi umetaja 114 ukaacha marekebisho ya 2008, ile sheria ya mikopo ya nyumba. Benki inahesabiwa imetimiza wajibu ikiwa mkopaji ametamka kwa kiapo, au kwa maandishi yenye mashahidi, hali ya ndoa yake. Kama mzee aliapa "mke wangu ni mmoja, huyu hapa", benki itaonyesha kiapo na itasema sisi tungejuaje? Na anayeapa uongo ametenda kosa la jinai, kuna faini kubwa au kifungo kisichopungua miezi 12. Kwa hiyo mama akishinda kwa hoja hiyo, mzee ndiye anaingia matatani. Haya lazima yasemwe mezani kabla hamjatoa hela ya wakili.

#9 BiNuru_Ngamiani

#8 Kiapo kinaondoa macho? Kwa mkopo huo bila shaka mtu wa benki alikwenda Mikanjuni kuithamini nyumba. Alimkuta nani? Alimkuta mama yake Fundi anapepeta mchele! Hakuuliza huyu ni nani?

#10 AfisaMikopo_Mstaafu

Bi Nuru, hilo ni swali zuri na ndilo wakili mzuri angemkaba nalo mthamini. Kwenye ripoti ya uthamini huwa kuna mstari wa nani anaishi ndani. Ukiandikwa "familia ya mkopaji", benki itatoka jasho. Ukiandikwa "mpangaji" au "ndugu", imejifunika.

#11 JohoJeusi

#8 Umesahihisha vema, niliacha hilo. Ila sheria hiyo hiyo imeipa benki wajibu wa kuchukua hatua za maana kujua kama kuna mke. Kiapo kinasaidia benki, lakini hakizuii swali la kama mazingira yaliionyesha ukweli. Majaji wameliamua kwa namna tofauti kulingana na ushahidi wa kila kesi. Sitamwahidi mtu.

#12 Mtanga_wa_Houston

Salaam kutoka Marekani, mtoto wa Chumbageni. Nimesoma uzi huu nikakumbuka yangu, maana mwaka fulani nilikosa kazi nikaanza kukimbizana na benki ya nyumba huku Texas.

Huku kila jimbo lina sheria yake, ndiyo maana kila mtu alinambia tafuta wakili wa hapa hapa. Florida benki lazima iende mahakamani kwanza. Texas mara nyingi haiendi: inakupa notisi ya siku 20 ulipe ulichochelewa, kisha notisi ya mauzo siku 21, na mnada unafanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi. Sheria ya nchi nzima inasema kwa kawaida mchakato hauanzi mpaka deni lipite siku 120. Na kuna washauri wa nyumba waliothibitishwa na wizara inayoitwa HUD, ushauri wao kuhusu kunyang'anywa nyumba ni bure. Kwao ndiko nilikoanzia, wakili akafuata.

Matapeli wapo pia. Kampuni inakupigia, "tutaokoa nyumba yako, lipa kwanza". Sheria imekataza kampuni hizo kutoza kabla ya kukuletea makubaliano uliyoyakubali. Mawakili wana nafuu yao kwenye katazo hilo, ila sharti mojawapo wawe na leseni ya jimbo lako. Na hili la ridhaa ya mwenza huku lipo, mke wangu alisaini kila ukurasa wa nyumba ya kuishi.

#13 Dereva_wa_Kange

#12 Kaka Houston umetoka Chumbageni lini, bado unaikumbuka timu yetu ya mpira, Coastal Union?

#14 Mtanga_wa_Houston

#13 Ubingwa wa 1988 nilikuwa begani kwa baba pale Mkwakwani. Usinikumbushe, nitalia ofisini.

#15 Baharia_Bandarini

African Sports nao walichukua mwaka huo huo? Au nachanganya mbele na nyuma?

#16 Mgosi_wa_Muheza

Mzee Baharia, turudi kwenye nyumba, Jumamosi haiko mbali.

#17 Nyundo_Mstaafu

Mimi nimefanya kazi ya udalali wa minada, nimeiacha. Naongea kuhusu tangazo.

Sheria ya Madalali inataka mnada wa ardhi usifanyike mpaka zipite angalau siku 14 tangu tangazo litolewe kwa umma, kwenye mji mkuu wa wilaya na mahali pa mnada. Liwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, na litaje jina la mwenye mali na anakoishi. Sheria hiyo ni ya zamani kiasi kwamba imetaja hata kupiga ngoma, ili asiyejua kusoma naye asikie. Siku hizi ni gari la kipaza sauti.

Sasa Fundi, umesema limeandikwa tarehe 3, likabandikwa tarehe 7, mnada tarehe 17. Kutoka 3 zinatimia 14. Kutoka 7 ni siku 10. Tarehe ya karatasi siyo tarehe ya umma kujua. Una picha ya siku lilipobandikwa? Jirani aliyeshuhudia?

#18 FundiFriji_Mikanjuni

#17 Picha ninayo kwenye simu, ina tarehe na saa. Jirani mwenye genge aliwaona. Limeandikwa Kiswahili tu.

#19 AfisaMikopo_Mstaafu

Hoja ya siku 14 inawanunulia wiki mbili, basi. Dalali atabandika upya. Hoja yangu ni nyingine: notisi ya siku 60. Kifungu cha 127 cha Sheria hiyo hiyo ya Ardhi, benki lazima impe mkopaji notisi ya maandishi ya kushindwa kulipa, ieleze deni na impe siku 60 tangu aipokee. Bila hiyo mnada hauna miguu. Mzee alipokea barua tarehe gani, na alisaini wapi kwamba kapokea? Hilo hakuna aliyelijibu hapa, na mimi naliona ni zito kuliko la mke mkubwa.

#20 BiNuru_Ngamiani

Zito kuliko la mke mkubwa! Mwanamke kapika kwenye jiko hilo miaka yote hiyo, wewe unahesabu barua.

#21 AfisaMikopo_Mstaafu

Nahesabu barua kwa sababu ya huyo mama, Bi Nuru. Hoja ya barua haimfungi mzee jela.

#22 BiNuru_Ngamiani

Hapo nimekuelewa. Samahani.

#23 Msaidizi_Korogwe

Salaam wote. Mimi ni msaidizi wa kisheria, nimesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Nami siyo wakili, sisimami barazani kwa niaba ya mtu, lakini natoa elimu na kuelekeza bila malipo.

Fundi, kama hela ni tatizo, Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kina ofisi hapo Tanga mjini. Kesi ya mke aliyewekewa nyumba rehani bila kujua ndiyo kazi yao hasa. Mama aende mwenyewe, usimsemee wewe. Watataka kumsikia yeye.

Na akusanye hivi leo leo: cheti cha ndoa, kitambulisho, risiti za umeme na maji za miaka, nakala yoyote ya hati, na barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba anaishi hapo. Kwa mzee iombwe kwa upole ile bahasha ya kabatini: mkataba wa mkopo, hati ya rehani, fomu ya ridhaa, kiapo, notisi, taarifa ya marejesho. Wakili bila karatasi hizo atakuuzia maneno.

#24 FundiFriji_Mikanjuni

#23 Cheti cha ndoa hakipo. Waliozeshwa 1984 msikitini, kilikuwepo, kikaliwa na mchwa. Shahidi mmoja yuko hai, yuko Pangani.

#25 JohoJeusi

#24 Ndoa ikisajiliwa, daftari lake huenda RITA, wakala wa serikali wa usajili, nakala iombwe. Isipopatikana, shahidi wa Pangani na watoto na majirani ni ushahidi. Kukosa karatasi si kukosa ndoa.

#26 Mchumi_Donge

Mnazungumza wakili, wakili, hakuna aliyejibu swali la Tanga au Dar. Mimi nasema Dar. Mji huu ni mdogo. Mawakili wengi wenye jina hapa wanafanyia kazi benki, kama siyo hiyo basi nyingine, na wanakutana na mawakili wa benki kila Ijumaa kwenye harusi. Mdogo wangu aliweka wakili wa hapa, baada ya miezi mitatu akagundua ofisi hiyo hiyo iliandaa hati za rehani za benki aliyokuwa anaishitaki. Hakuna aliyemwambia. Akamtoa, akaanza na mwingine, kesi ikachelewa mwaka.

#27 Mgosi_wa_Muheza

Dar ni kilomita 350. Kesi ikiahirishwa mara tano, umelipa nauli na hoteli mara tano. Wakili wangu wa hapa alikuwa anakuja barazani kwa baiskeli.

#28 JohoJeusi

#26 Lililompata mdogo wako ni kosa la kinidhamu, na kuna Kamati ya Mawakili ya kupeleka malalamiko hayo. Lakini jibu lake ni kuuliza kabla ya kulipa: "Umewahi au unafanyia kazi benki hii, au dalali huyu, au mume wangu?" Jibu liandikwe kwenye mkataba wa kazi. Nimeshamrudisha mteja mlangoni kwa sababu hiyo, na alinishukuru.

Kuhusu umbali: siku hizi mahakama hupokea nyaraka kwa mtandao na baadhi ya mashauri husikilizwa kwa video, kwa hiyo Dar siyo mbali kama zamani. Ila zuio la muda ni kazi ya siku, pengine ya saa. Mtu anayejua karani yupi yuko zamu na mwenyekiti wa baraza yuko mjini au yuko safari, huyo ana faida wiki hii. Kwa nyumba ya thamani isiyozidi milioni 300, Baraza la Ardhi la Wilaya lina mamlaka. Ikizidi hapo ni Mahakama Kuu, nayo ina kanda hapa hapa Tanga.

#29 Dereva_wa_Kange

Zuio ndiyo nini hasa, wakili? Wengine tunafuata kwa nyuma.

#30 JohoJeusi

#29 Ni amri ya kusimamisha mnada mpaka kesi ya msingi isikilizwe. Ukiomba, lazima uonyeshe mambo matatu, tunayachukua kwenye kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969: kwamba kuna hoja ya kweli ya kuamuliwa, kwamba usipozuiwa utapata hasara isiyofidika, na kwamba ukipima, wewe utaumia zaidi kuliko mwenzako. Kwa mama anayeishi humo, la pili na la tatu si magumu. Kazi iko kwenye la kwanza.

Na mzielewe amri hii. Haifuti deni. Milioni 41 inaendelea kuvimba huku zuio liko mfukoni.

Kikubwa ni wakati. Nyundo ikishagonga na mnunuzi akanunua kwa nia njema, sheria inamlinda mnunuzi. Aliyeonewa hubaki kudai fidia kwa benki. Fidia siyo nyumba.

#31 Mgosi_wa_Muheza

Hapo ndipo ninaposema mimi tangu #3! Deni halifutiki. Basi kwa nini milioni mbili za wakili zisiende benki?

#32 BiNuru_Ngamiani

#31 Kwa sababu deni siyo la mama, mgosi.

#33 Mgosi_wa_Muheza

#32 Nyumba ikiuzwa hasara ni ya nani?

#34 Nyundo_Mstaafu

Mnaweza kufanya yote mawili, niliyaona. Wakili anaandika barua kwa benki, anataja kasoro zote, anaambatanisha rasimu ya kesi, anaomba kikao. Benki ikiona kasoro ni za kweli inakaa mezani haraka. Ukienda mikono mitupu na milioni 3, wanapokea milioni 3 na mnada unahamia mwezi ujao.

Lingine: bei. Sheria inamtaka muuzaji atafute bei bora inayopatikana. Ikiuzwa pungufu kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya nyumba kama hiyo, inachukuliwa kwamba benki imekiuka wajibu, mpaka ithibitishe vingine. Fundi, tafuta mthamini wako binafsi mapema. Nimeona nyumba za Makorora zikienda kwa bei ya kiwanja kitupu, watu watatu tu wapo mnadani, na wote wanajuana.

#35 Mchumi_Donge

#34 Na wewe ndiye uliyekuwa unagonga nyundo.

#36 Nyundo_Mstaafu

#35 Ndiyo. Ndiyo maana nimeiacha kazi.

#37 FundiFriji_Mikanjuni, Alhamisi, saa 4:15 usiku

Wakuu, mrejesho.

Asubuhi nimempeleka mama ofisi ya msaada wa kisheria aliyosema #23. Wamemsikiliza karibu saa mbili, mimi nikaambiwa nisubiri nje. Wamesema watampa jibu kesho kama watalibeba. Kwa tahadhari mchana nimekwenda pia kwa mawakili wawili mjini. Wa kwanza nilipomuuliza swali la #28 alinyamaza kidogo, akasema "huwa tunawafanyia kazi ndogo ndogo". Nikamshukuru. Wa pili, mama mmoja, yumo kwenye e-Wakili, leseni iko hai, akasema hapana, na akaniandikia. Ushauri elfu 50 na risiti amenipa. Kesi yote pamoja na maombi ya zuio anataka milioni 1.8 kwa awamu tatu, nauli juu yetu. Swali la siku 30 alilijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Tatizo ni mama. Anasema yuko tayari kusema "sikusaini". Hayuko tayari kusema "mume wangu aliapa uongo". Wakili anasema ukisema la kwanza, la pili litasemwa na benki utake usitake.

#38 AfisaMikopo_Mstaafu

#37 Ndiyo maana nikauliza barua.

#39 Msaidizi_Korogwe

Fundi, hongera kwa mwendo huo. Usimkimbize mama. Lakini mwambie siku zimebaki tisa, naye aamue akijua.

#40 Mtanga_wa_Houston

Milioni 1.8 ikipungua niambieni. Nachangia awamu ya kwanza, nitumie namba kisandukuni. Ni kwa ajili ya mama.

#41 Baharia_Bandarini

Mungu akuzidishie kijana wa Chumbageni. Na wakili JohoJeusi, ahsante kwa kunisahihisha bila kunifokea.

#42 Jirani_Pongwe

Nimekuwa nasoma tu. Fundi, nadhani nawajua. Zungumza pia na mama mdogo. Aliposaini aliambiwa anasaini kama shahidi wa mkopo wa lori, alinieleza mwenyewe akiwa analia. Hajui kama ile ilikuwa ridhaa ya nyumba ya mwenziwe.

#43 BiNuru_Ngamiani

#42 Subhanallah.

#44 JohoJeusi

#42 Kama ni hivyo, naye anahitaji wakili wake. Siyo wa mama, siyo wa mzee. Na tafadhali asiandike chochote humu.

#45 Mchumi_Donge

Mawakili watatu kwa nyumba moja! Mimi nimebaki pale pale, hayo yote yangefuatwa na ofisi moja ya Dar yenye watu wengi.

#46 Mgosi_wa_Muheza

Ofisi moja haiwezi kuwabeba watatu wanaopingana, soma #6 upya mchumi.

#47 FundiFriji_Mikanjuni, Ijumaa, saa 12:20 asubuhi

Usiku nimekwenda Pongwe. Baba hakuniuliza nimefuata nini. Alifungua kabati mwenyewe akanipa bahasha, akarudi kulala.

#19, #38, nimeikuta ile notisi ya siku 60. Iko juu kabisa. Kwenye sehemu ya mpokeaji kuna sahihi, na tarehe. Siyo sahihi ya baba. Imeandikwa jina la mama mdogo.

Nampeleka mama kwa wakili saa mbili.

#48 AfisaMikopo_Mstaafu

Piga picha ukurasa huo, mbele na nyuma, kabla hujautoa nyumbani. Tarehe ya kupokea ni ipi?